Ushindi wa Wakili na Moto wa Redio

Aghalabu tunapompima wakili huhesabu kesi alizoshinda, kama mvuvi apimwavyo kwa samaki walio katika dau lake, na mawakili wenyewe, Mola awasamehe, hawachoki kutuhesabia. Mimi huuliza jambo jingine: mteja aliporudi kwake na hukumu mkononi alikuta nini, na hukumu ile ilimfaa nani mwingine asiyemlipa wakili hata senti?

Pale Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania, upande wa Muyinga, malori yatokayo Dar es Salaam yanapojipanga kungoja karatasi zao, wavunja fedha hukaa na mabunda ya faranga mkononi, na bei ya shilingi huijua kabla ya chai ya asubuhi. Ikishuka faranga, atajua mchuuzi wa ndizi, atajua utingo, atajua hata mtoto aliyetumwa sabuni. Ilhali sheria ya habari ya Burundi ya tarehe 4 Juni 2013, katika ibara yake ya 19, iliwazuia waandishi kutangaza habari zinazogusa uthabiti wa sarafu, na ibara ya 20 ikawabana wafichue waliowapa habari.

Chama cha waandishi wa Burundi kikaipeleka serikali yake mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, wakili wao akiwa Donald Deya wa Umoja wa Mawakili wa Afrika. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humpa mlalamikaji miezi miwili tu, na siku zikipita mlango hufungwa, hata dhulma iwe wazi kama jua. Shauri lile liliwahi. Kadhalika mahakama ile haikukabidhiwa bayana mamlaka juu ya haki za binadamu, kwa hiyo hoja zikapitishwa katika ibara za 6(d) na 7(2), ambamo nchi wanachama ziliahidi utawala bora na demokrasia. Hapo ndipo ninapouona umahiri wa wakili, wala si katika ufasaha wa ulimi: kujua mlango upi uko wazi, na hadi lini.

Hukumu ilitoka tarehe 15 Mei 2015. Waandishi hawakupata kila walichoomba, lakini vifungu kadhaa vya ibara ya 19, kikiwamo kile cha sarafu, na ibara ya 20 nzima vilitamkwa kuwa vimekiuka Mkataba. Sasa itazame tarehe yenyewe. Siku mbili kabla yake Meja Jenerali Godefroid Niyombare alikuwa ametangaza kumpindua Rais Nkurunziza, na katika vurugu zile redio za RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa, na Rema, iliyokuwa upande wa serikali, haikusalimika. Nyingine ziliteketea kabisa. Mteja alishinda Arusha, na Bujumbura hakuwa na kipaza sauti cha kuutangazia ushindi wake.

Wako wasemao kwamba ushindi wa namna hiyo ni kivuli tu, kwani mahakama ya Arusha haina askari hata mmoja wa kuisimamia hukumu yake. Siwabezi, maana wengi wa waandishi wale waliishia uhamishoni, wala karatasi ya majaji haikuwalipia kodi ya nyumba huko. Lakini siafikiani nao. Tarehe 28 Machi 2019 mahakama ile ile, ikiamua shauri la Baraza la Habari Tanzania juu ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, iliitegemea hukumu ya Warundi, ikaona vifungu kadhaa vya sheria ya Tanzania navyo vimeukiuka Mkataba. Saruji, mafuta na nguo huingia Burundi kwa njia ya Kobero kutoka Tanzania, na malori mengi hurudi matupu. Safari hii kuna kilichotoka Burundi kwenda upande wa pili, na hakikuulizwa ushuru.