Vijana wetu wa matangazo wamechoka kuvishwa kilemba cha ukoka

Juzi alinijia kijana mmoja wa mtaani kwetu Kisauni. Ana miaka minne katika kampuni ya matangazo ya biashara jijini Nairobi. Cheo chake ni prodyuza msaidizi, na kila mwaka wakubwa wake humwambia, “Endelea hivyo hivyo, zamu yako yaja.” Akaniuliza, “Ami, ningoje mpaka lini?”

Nilimwambia kwamba hakuna sheria ya Kenya inayotaja miaka ya kungoja cheo. Ngazi zenyewe zajulikana: prodyuza msaidizi, prodyuza, prodyuza mwandamizi, kisha mkuu wa idara. Lakini kinachomvusha mtu ngazi ya kwanza ni bajeti. Msaidizi hutafuta mahali pa kupigia picha, hukodi gari, huita waigizaji na kuhakikisha chakula kimefika. Prodyuza ndiye anayepanga gharama, kuzitetea mbele ya mteja na kuulizwa pesa zikizidi. Asiyekabidhiwa bajeti atabaki msaidizi hata akitimiza miaka kumi.

Hapo ndipo wengi wetu wa Pwani tunapokwama. Tangazo likipigwa Lamu, Diani au Mji wa Kale, sisi ndio tunaotafutwa. Twajua maji yatajaa saa ngapi, nahodha gani ni wa kuaminika, mzee gani wa mtaa aombwe ruhusa, na kwamba Fort Jesus haiendewi na kamera bila kibali cha Makavazi ya Taifa. Siku hiyo twasifiwa sana. Jioni hesabu zarudi Nairobi mkononi mwa mwengine.

Mimi nilizungushwa hivyo miaka mitano. Nilipanda cheo baada ya kuomba tangazo moja dogo la redio nilisimamie peke yangu, pesa na yote, nikalimaliza bila kuzidisha hata shilingi.

Wenye kampuni nao wana hoja yao. Mteja mkubwa akiondoka, nafasi hukauka. Basi na waseme hivyo waziwazi, badala ya kumlisha mtu ahadi mwaka baada ya mwaka.

Sheria ya Ajira ya 2007 haimlazimishi mwajiri kumpandisha mtu cheo. Hata hivyo, kifungu cha 5 chakataza ubaguzi katika mafunzo na kupandisha vyeo, kwa misingi kama kabila, dini, jinsia au ujauzito. Kifungu cha 9 nacho chataka mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi. Wale wanaoitwa tangazo baada ya tangazo bila karatasi yoyote na wakisome.

Kwa kijana wangu, ushauri ni huu. Usiulize “lini” peke yake. Uliza, “Nifanye nini ili nistahili, nitakabidhiwa bajeti gani, na tutakaa tena tarehe ngapi?” Jibu lije kwa barua pepe. Kisha weka daftari lako: kila tangazo, gharama iliyopangwa na iliyotumika. Tarehe ikipita na hujakabidhiwa kitu, lichukue daftari hilo ukabishe mlango mwengine.

Na kwa wakubwa wa kampuni hizi: ahadi ni deni, na deni huandikwa tarehe ya kulipwa.