Foleni ya ndege: aliyetangulia atue kwanza?

Haya wasomaji, leo tuache kidogo mambo ya wavuti na simu, tutazame juu.

Ukisafiri kutoka Nairobi hadi London, huenda mkakaribia Heathrow halafu ndege ikaanza kuzunguka. Rubani hajapotea njia, ameambiwa asubiri zamu. Heathrow ina njia mbili tu za ndege, na kwa kawaida moja hutumika kutua na nyingine kupaa. Zinazosubiri huzungushwa katika sehemu nne: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Hupangwa ngazi kwa ngazi, futi 1,000 kati ya ndege na ndege. Ya chini ikiitwa, zilizo juu zinashuka.

Mwanaprogramu akiona hayo atasema: hii ni foleni tu, aliyetangulia kuingia atangulie kutoka. Mistari kumi ya programu, kazi kwisha! Mimi nasema si rahisi hivyo, wala si haki hivyo.

Kwanza, ndege kubwa kama Airbus A380 huacha hewa iliyovurugika nyuma yake. Ndogo ikiifuata karibu itayumbishwa vibaya, kwa hivyo hupewa nafasi ndefu. Kubwa nyuma ya ndogo haihitaji nafasi hiyo. Sasa piga hesabu. Tuseme kuna kubwa mbili na ndogo mbili. Ukizipanga kubwa, ndogo, kubwa, ndogo, utatoa ile nafasi ndefu mara mbili. Kubwa, kubwa, ndogo, ndogo, utaitoa mara moja. Ndege ni zile zile, lakini ya mwisho inatua mapema.

Hapo ndipo tarakilishi inapofaa. Lakini ukiiachia ipange itakavyo, kuna ndege itakayosukumwa nyuma kila mara zikija nyingine zinazopangika vizuri zaidi. Mwaka 1976 Roger Dear wa chuo cha MIT, Marekani, alipendekeza dawa: panga upya, lakini ndege isisogezwe zaidi ya nafasi chache kutoka pale ilipokuwa kwenye foleni. Naipenda kanuni hiyo. Inapata faida ya hesabu bila kumsahau mnyonge.

Pili, kuna mafuta. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca nambari 52, Boeing 707 kutoka Colombia, ilikuwa ikielekea New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ikasubirishwa mara tatu, jumla zaidi ya saa moja. Marubani waliomba kipaumbele na kusema mafuta yanaisha, lakini hawakutamka neno dharura. Walijaribu kutua mara moja wakashindwa, na kabla ya kurudi injini zikazimika. Kati ya watu 158, 73 walikufa.

Kwenye seva zetu, ombi likikaa kwenye foleni dakika tano, mteja ananuna. Angani, anayesubiri anachoma kile kinachomweka hai. Foleni inayojua nani alifika lini, lakini haijui nani anaweza kungoja hadi lini, ina kasoro. Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka mashine ipange na kuamua yenyewe. Ipange, ipendekeze, lakini mwongozaji awe na uwezo wa kuuliza, "Mna mafuta ya dakika ngapi?" na kuvunja mpango wote kwa sababu ya jibu moja.

Tatu, foleni bora ni ile isiyofika mlangoni. Mwaka 2014 Waingereza walianza kuomba ndege ziendazo Heathrow zipunguze mwendo zikiwa hadi maili 350 mbali, kwenye anga za majirani zao. Ukipunguza mwendo ukiwa juu, unachoma mafuta machache kuliko kuzunguka ukiwa chini. Ajabu ni kwamba kazi ngumu hapo si hesabu, ni kukubaliana na majirani. Nchi ya pili inaombwa ipunguze mwendo wa ndege ili foleni ya mwenzake ipungue.

Basi wenzangu waandika programu, mkipewa kazi ya foleni yoyote, iwe ya hospitali au ya benki, msianze na msimbo. Ulizeni kwanza: huyu anayengoja anapoteza nini kila dakika?

Nyinyi mwaonaje?