Kiangazi Chetu Kina Kazi Yake

Julai ndipo ndugu zetu wa ughaibuni wanapokuja likizo. Walikotoka ni msimu wa joto, basi wanashuka uwanja wa ndege na kaptura na malapa. Jioni wakifika Ruiru, hata kabla chai haijamiminwa, wanaomba sweta. Watoto wa hapa hapa nao wanakua wakiona kwenye katuni na vitabu vya hadithi kwamba joto la mwaka ni la Juni hadi Agosti, huku wao wenyewe wakitetemeka darasani.

Toleo hili tumelitenga kwa kiangazi chetu, kile cha Januari hadi Machi. Tumezoea kukihesabu kama pengo kati ya vuli na masika: vumbi jekundu, mikokoteni ya mitungi ya maji, na kungoja mvua. Naona tumekidhulumu.

Chukua jua lenyewe. Thika iko nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri la Julai huwa juu karibu sawa na la Januari. Baridi yetu inaletwa na mawingu mazito ya chini, ambayo upepo wa kusini-mashariki huyasukuma hadi kwenye miteremko ya Nyandarua yakakaa kutwa. Januari pazia hilo huondoka, tena dunia huwa karibu zaidi na jua: kilomita milioni 147, dhidi ya milioni 152 mwezi Julai. La ajabu ni kwamba katika joto lote hilo la Februari, jua ndipo linapochelewa zaidi kuchomoza, saa kumi na mbili na dakika 40 hivi, ilhali mwanzoni mwa Novemba huchomoza nusu saa mapema. Wanaowahi matatu za alfajiri wanalijua giza hilo. Na karibu na Machi 18, dakika 40 hivi baada ya saa sita mchana, jua hupita wima juu ya Thika, na mlingoti wa bendera ukakosa kivuli.

Lakini kilichonisukuma hasa ni kahawa. Inama chini ya mbuni mwezi Februari utazame pale jani linapoungana na tawi. Utaona vitumba vya kijani, vidogo kuliko punje ya mchele, vimetulia. Vimelala, na kinachovitayarisha kuamka ni kiu. Mti usipopitia ukame huo, huchanua kidogo kidogo mwaka mzima na mkulima hapumziki kuchuma. Ukiupitia, mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, vitumba hufura, na baada ya siku nane hadi kumi shamba zima huamka jeupe, likinukia kama asumini. Siku mbili tatu tu, maua yananyauka. Buni zake huchumwa kuanzia Oktoba. Yaani kikombe cha Desemba kilianza kwa kiangazi kile tulichokilalamikia.

Mananasi ya Thika nayo yana ujanja wao. Mchana wa jua kali nanasi hufunga vitundu vya majani yake lisipoteze maji. Usiku huvifungua, likavuta hewa ya kaboni na kuiweka akiba kama asidi, kisha kesho yake likaitumia juani. Ndiyo sababu maji ya jani lake huwa makali alfajiri kuliko jioni.

Wazee wa Wakikuyu waliyajua majira kwa mazao: masika waliyaita mvua ya njahi, vuli mvua ya mwere. Elimu hiyo ilitokana na kutazama, na leo tunaipoteza pamoja na ardhi yenyewe. Ruiru, ambayo jina lake limebebwa na kahawa ya Ruiru 11, aina iliyozalishwa hapa katika kituo cha utafiti ili istahimili chulebuni, imegeuza mashamba mengi ya kahawa kuwa mitaa ya nyumba. Sipingi watu kupata makao. Ninaloumia ni mtoto kulala juu ya udongo wa kahawa bila kuwahi kuliona ua lake.

Msomaji, masika yakianza, hesabu siku tangu mvua ya kwanza hadi mibuni iliyo karibu nawe ichanue. Andika tarehe na mahali, utuletee. Tutazichapa zote katika toleo la Juni.