Mtangazaji Naye Anatazama Kioo

Tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Brazil walipata faulo karibu na boksi la Zaire, Kongo ya leo. Refa Nicolae Rainea wa Romania akapuliza kipenga, na kabla Wabrazili hawajaugusa mpira, beki Mwepu Ilunga akachomoka ukutani akaubutua mbali. Akaonyeshwa kadi ya njano. John Motson, aliyekuwa akitangaza mechi ile kwa BBC, akawaambia Waingereza kwamba huo ni ujinga wa Kiafrika. Miaka mingi baadaye Mwepu alieleza kwamba sheria alikuwa anazijua vizuri. Siku nne kabla ya mechi ile Zaire ilikuwa imefungwa 9-0 na Yugoslavia, wachezaji walikuwa hawajalipwa fedha zao, na watu wa Rais Mobutu walikuwa wamewaonya kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu, wasijisumbue kurudi nyumbani. Mechi iliisha 3-0.

Kwa hiyo anayelalamika leo kwamba utangazaji wa mpira kwenye televisheni umeshuka asijifanye kwamba zamani ilikuwa pepo. Umeshuka, ndiyo. Lakini watangazaji wa leo hawajui kidogo kuliko Motson; wana takwimu hadi za idadi ya pasi alizopiga kipa kwa mguu wa kushoto. Kilichopungua ni kuutazama mchezo wenyewe.

Huku Kabambare, kama Kasongo na kwingineko kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki ya Kongo, mechi kubwa hutazamwa kwa pamoja. Mwenye dekoda na jenereta, au betri na pano za sola, anapanga mabenchi, anatoza kiingilio, na watu wanajaa. Sauti inayotoka kwenye spika ni ya Kifaransa, maana Ligi Kuu ya Uingereza katika nchi zetu zinazotumia Kifaransa huonyeshwa na Canal+. Wanaoifuata sawasawa ni wale waliokaa shuleni muda mrefu. Waliobaki wanamsikiliza jirani. Na jirani, mara nyingi, ndiye mtangazaji bora: kwa Kiswahili cha hapa, kile cha waungwana kilichoingia Kasongo na misafara ya karne ya 19, anawaambia kwa nini kipa amesogea hatua mbili, winga yupi amechoka, na beki gani anaogopa kupanda tangu apate kadi.

Jirani huyo hana takwimu hata moja. Ana macho, na hana haja ya kumfurahisha mdhamini.

Hali yake na ya mtangazaji anayelipwa, ukiangalia vizuri, imekaribiana mno: wote wawili wanatazama kioo. Zamani shirika la utangazaji lilimpandisha mtu ndege akaketi uwanjani. Siku hizi, ili kupunguza gharama, mtangazaji hufungiwa kwenye kibanda mbele ya skrini, Paris au Kinshasa au Dar es Salaam, hata kama mpira unachezwa bara jingine. Mtindo huo ulikuwepo kabla ya korona, lakini mwaka 2020 ndio uliopata mizizi. Bundesliga iliporudi Mei mwaka ule bila mashabiki, baadhi ya televisheni zilitia hadi kelele za mashabiki zilizorekodiwa, na watazamaji wengi wakazizoea. Ikiwa kelele za watu elfu hamsini zinaweza kubandikwa, wenye mahesabu walijiuliza, mtu mmoja wa kusema anasafirishwa ya nini?

Jibu lake liko nje ya picha. Kamera inaufuata mpira. Aliyeko uwanjani ndiye anayeona kwamba mshambuliaji anachechemea tangu dakika ya kumi, kwamba kocha amemwita mtu anayepasha misuli, kwamba mabeki wote wamepanda hadi katikati na nyuma yao pako wazi. Aliyeko kibandani haoni chochote kati ya hivyo, na dakika tisini ni ndefu. Ndipo anapoanza kujaza: bei ya usajili, maisha ya mchezaji huko Instagram, ubishi wa nani bora kati ya wawili ambao hata hawachezi siku hiyo, na katikati yake tangazo la kampuni ya kamari. Krosi inapigwa, kona inapatikana, na wao bado wanazungumzia majira yajayo.

Kosa la pili ni la upande wa pili, nalo limetokana na heshima kwa redio. Mwaka 2025 Kiswahili kilipoteza sauti mbili kubwa: Leonard Mambo Mbotela wa Kenya na Charles Hilary wa Tanzania, aliyepita Radio Tanzania Dar es Salaam, Deutsche Welle na BBC kabla ya kuhamia Azam. Vizazi viwili viliuona mpira kwa masikio kupitia watu wa aina yao. Msikilizaji alikuwa hana picha, hivyo ilibidi aambiwe mpira uko wapi, wingi ya kulia au ya kushoto, umetoka mguu wa nani kwenda kwa nani. Televisheni ilirithi mtindo huo bila kuuliza kama bado unahitajika. Matokeo yake mtu anaona kwa macho yake mawili kwamba kiungo amerudisha pasi kwa kipa, kisha anaambiwa, kwa sauti ya mtu anayezima moto, kwamba kiungo amerudisha pasi kwa kipa.

Haki itendeke: hakuna aliyekipa Kiswahili cha mpira uhai mpya kuliko watangazaji wa Azam TV. Fiston Mayele alipotoka Kongo kwenda Yanga ya Tanzania mwaka 2021, mtindo wake wa kushangilia ukapata jina, kutetema, na jina hilo likavuka mpaka kurudi alikotoka. Lakini humo humo kuna mtego. Kipande cha sekunde thelathini kikitumwa kwenye simu kinampa mtangazaji umaarufu ambao dakika tisini za kazi safi haziwezi kumpa. Kwa hiyo kila shuti linapigiwa kelele za fainali, na bao lenyewe linapofika sauti imekwisha kutumika. Wengi wanamwiga Mwingereza Peter Drury, ambaye Siphiwe Tshabalala alipoifungia Afrika Kusini bao dhidi ya Mexico tarehe 11 Juni 2010, alilitaja kuwa bao la Bafana Bafana, la nchi yao, kisha la Afrika nzima. Maneno yalikuwa machache na yalikuja kwa wakati wake. Waigaji huja na shairi lililoandikwa tangu jana na kulitafutia pa kulibandika.

Na ule ujinga uliompata Mwepu haujaondoka. Umebadili nguo tu. Mwaka 2020 kampuni ya RunRepeat, ikishirikiana na chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza, ilichambua kauli 2,073 za watangazaji wa Kiingereza katika mechi 80 za ligi nne za Ulaya. Walipozungumzia nguvu za mwili, uwezekano kwamba wanamtaja mchezaji mwenye ngozi nyeusi zaidi ulikuwa zaidi ya mara sita kuliko mwenye ngozi nyeupe. Sifa za akili zilielekezwa zaidi kwa wenye ngozi nyeupe. Kijana wa Kabambare anayemtazama Mkongo Chancel Mbemba anajua kwamba beki yule anaishi kwa kusoma mchezo. Anastahili kusikia mtu akiliona jambo hilo.

Kutojua nyumba ya watu kuna gharama nyingine. Tarehe 7 Februari 2024, huko Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Ivory Coast, Leopards, timu ya taifa ya Kongo, walisimama wakati wa wimbo wa taifa wakiwa wameziba midomo kwa mkono mmoja na vidole viwili vya mkono mwingine vikielekezwa kichwani kama bastola. Walikuwa wanasema juu ya vita vya mashariki ya nchi yao na kimya cha dunia. Mtazamaji wa Salamabila, kwenye dhahabu na wanamgambo, hakuhitaji tafsiri. Wa nchi nyingine alihitaji, na wa kumpa ni mtangazaji. Nafasi ya kusema ilikuwa ni muda wa wimbo mmoja. Asiyejua Goma iko upande gani wa ramani hawezi kuisoma maana ya ishara ile kwa haraka kwenye karatasi.

Msimu wa 2024-25 mkoa wa Maniema ulipata zamu yake. AS Maniema Union ya Kindu iliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, pamoja na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR ya Rabat, na ikaanza kwa kutoka 0-0 na Sundowns huko Pretoria. Mechi zake za nyumbani zilichezwa Kinshasa, mbali sana na Kindu. Hapo kuna hadithi nzima ya kusimulia mpira unapotoka nje: timu ya mkoa usio na barabara za maana, inayowapokea wageni katika mji wa wengine. Mtangazaji aliyejiandaa kwa siku moja tu angekuwa na vitu vingi zaidi vya kusema kuliko jedwali la takwimu.

Hapa suala la lugha linaingia, nalo limebadilika hivi karibuni. Septemba 2025 Canal+ ilikamilisha kuinunua MultiChoice, kampuni yenye DStv na SuperSport. Maana yake mtazamaji wa Maniema na mtazamaji wa Dar es Salaam sasa wako chini ya tajiri mmoja. DStv imewahi kutangaza mechi kubwa kwa Kiswahili kwa ajili ya Tanzania. Canal+ nayo ina Maboke TV, chaneli ya Kilingala kwa ajili ya Kongo, kwa hiyo hoja kwamba Mkongo ni mtu wa Kifaransa tu wameshaikataa wenyewe. Dekoda inaweza kubeba sauti zaidi ya moja kwenye picha moja; anayetazama filamu huchagua lugha kwa rimoti bila kufikiria.

Mashariki ya Kongo ina waandishi wa habari wanaotangaza kwa Kiswahili kila siku. Radio Okapi inafanya hivyo tangu 2002, na imewahi kuwa na studio Kindu. Wachukuliwe wawili kati ya watu wa aina hiyo, wapelekwe uwanjani Leopards wanapocheza, wapewe wiki moja ya kujiandaa kabla ya mechi, na waambiwe kwamba hakuna atakayewakata mshahara kwa kunyamaza sekunde ishirini mpira ukiwa unajieleza.