Filme ya Kweli ao Mchezo?



Siku hizi vijana wengi wako na telefone yenye kamera, na wamoja wanapenda kujifunza kutengeneza filme za dokumentere, ni kusema filme zenye kuonyesha maisha ya watu kama yalivyo. Ni kazi nzuri. Lakini iko ulizo moja. Ukimwambia mchimbaji, “Rudia tena, piga sululu mara ya pili nikamate picha vizuri,” ile ni kweli bado, ao imekuwa mchezo?

Ulizo hili si la leo. Katika mwaka 1922 Robert Flaherty, mtu wa Marekani, alitoa filme Nanook of the North juu ya Wainuit, watu wa kaskazini ya Kanada kwenye baridi kali. Hata leo inahesabiwa kati ya dokumentere kubwa za kwanza. Lakini Nanook halikuwa jina la yule mwindaji, aliitwa Allakariallak. Nyumba yake ya barafu ilijengwa nusu tu, sababu ndani mwangaza haukutosha kwa kamera. Wainuit walikuwa wanatumia bunduki tayari, lakini ndani ya filme wanawinda na mkuki kama babu zao. Tena tunamwona anauma sahani ya gramofoni kwa meno, kama mtu asiyejua kitu.

Baridi ilikuwa ya kweli, na ujuzi wao ulikuwa wa kweli. Lakini watazamaji wa mbali hawakuambiwa ni wapi kweli inaisha na mchezo unaanza. Basi mtu mwenye akili akaonekana kama mjinga. Hapo ndipo kuna ubaya.

Sasa tuangalie njia ingine. Mwaka 1958 Jean Rouch, Mfaransa aliyesomea kazi ya injinia, alitoa Moi, un Noir, maana yake “Mimi, mtu mweusi.” Ni habari ya vijana wa Niger waliokwenda kutafuta kazi Abidjan, katika Kodivaa, yaani Côte d'Ivoire. Aliwaomba wacheze maisha yao wenyewe. Wakajipa majina ya watu wa sinema: Oumarou Ganda akajiita Edward G. Robinson. Anabeba mizigo kwenye bandari, kisha anaota kwamba yeye ni bingwa wa ngumi. Kamera ile haikukamata sauti. Nyuma Ganda aliangalia picha na kuzisemea kwa maneno yake mwenyewe.

Jina ni la kucheza, ubingwa ni ndoto. Lakini uchovu na kukosa feza ni kweli. Na vita ya Indochina anayoisimulia, alipigana kweli kama askari wa Ufaransa. Tofauti ni hii: pale mwanzo Rouch mwenyewe anaeleza watazamaji kwamba vijana hawa wanajicheza.

Hata hivyo, aliyeshika kamera na kuchagua picha alikuwa Rouch. Kisha Ganda alijifunza kazi hii, na mwaka 1968 akatengeneza filme yake, Cabascabo, habari ya askari aliyerudi kutoka Indochina. Yeye mwenyewe alicheza yule askari.

Vijana, mashauri yangu ni matatu. Kwanza, omba ruhusa, na kwa mtoto uliza wazazi wake. Pili, kama kuna kitu mmekipanga, kiseme wazi ndani ya filme. Tatu, waonyeshe wenyewe picha mbele ya wengine. Hata Flaherty alisafisha picha zake kulekule na kuwaonyesha Wainuit. Mtu akisema, “Hapa umeniharibia heshima,” msikilize.

Ninyi wazazi, wageni wanafika kwenye machimbo na kamera zao. Wengine wanatafuta tu sura ya huzuni. Uliza: picha hii inakwenda wapi, na nani atasema juu yake? Uso wa mtoto wako ukiisha kuzunguka dunia, hautarudi.

Kucheza si kudanganya. Kudanganya ni kuficha kwamba ulicheza.

Kwa mazungumzo nyumbani: Kama wangetengeneza filme juu ya jamaa yetu, ni nani tungependa aseme, na ni jambo gani tusingekubali wacheze?