Msiwacheke Chicago ya 1909

Asante mwandishi kwa kutukumbusha timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Chicago ya msimu wa 1908-09: mechi 12, ushindi 12, chini ya kocha Joseph Raycroft. Ila wenzangu mnaocheka matokeo ya enzi zile mnawaonea. Ni kweli alama zilikuwa chache: mwaka 1908 Chicago iliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania 21-18, kisha 16-15, na hizo ni mechi nzima, si robo ya kwanza.

Lakini zamani hizo kila kikapu kikiingia, mpira ulirudishwa katikati, mwamuzi anaurusha juu, warefu wawili wanaugombea. Utaratibu huo ulidumu hadi 1937. Muda mwingi uliishia hapo. Tena timu yenye mrefu hodari kama John Schommer iliweza kufunga, ikaunyaka mpira, ikafunga tena, mpinzani hajaugusa!

Jambo moja lilistahili kutajwa: ubingwa wa taifa wa 1909 Chicago walitunukiwa na taasisi ya michezo ya Helms miaka mingi baadaye, maana mashindano ya vyuo ya NCAA yalianza 1939. Lakini zile mechi 12 walizishinda wenyewe uwanjani, na kwangu hao ni mabingwa halali.