Kiambishi hu- na Njaa za Kalama

Mkulima wa Kalama, Machakos, anaweza kusema "mvua ilikosa" au "mvua hukosa." Sarufi itatueleza kwamba tofauti ya tungo hizi ni ya njeo na hali. Lakini yapo zaidi ya hayo. Kiambishi hu- cha mazoea hakipokei nafsi wala hakitaji wakati: kinafuta nani, kinafuta lini. Msimu mmoja ukishasemwa kwa hu- si tukio tena, bali ni tabia ya ardhi. Ndivyo alivyo mtahiniwa aliyeanguka karatasi moja ya isimu akasema "mimi hufeli." Daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, aliihesabu jumlisho ya namna hii miongoni mwa makosa ya fikra yanayolisha sonona.

Wakamba, kwa upande wao, wameziita njaa zao kwa majina. Iko Yua ya Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19, iliyoenea kila mahali. Iko Yua ya Atta ya 1961, iliyopewa jina la unga wa msaada. Njaa yenye jina ina mwanzo na ina mwisho. Haiwezi kuitwa "kila siku."

Waliojumlisha zaidi, ajabu, hawakuwa wakulima. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa hifadhi ya udongo wa serikali ya kikoloni, aliandika kwamba watu wa Machakos walikuwa wakielekea kwenye ufukara usio na matumaini na ardhi yao kwenye jangwa. Mmomonyoko aliouona ulikuwa wa kweli. Hukumu aliyoijenga juu yake ndiyo yenye walakini. Mwaka uliofuata serikali ilitwaa ng'ombe kwa nguvu ili kupunguza mifugo, Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba hadi Nairobi kudai mali yao, naye akahamishiwa Lamu.

Jangwa halikufika. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti kuhusu wilaya hiyo: tangu miaka ya 1930 hadi 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua. Vikundi vya mwethya vilichimba matuta, mengi yakiwa ya aina ya fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu wa mteremko. (Jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza bila kutafsiriwa, wanaisimu wetu wamelipita kimya.) Hata hivyo, wako waliogeuza utafiti huo kuwa jumlisho jipya, kana kwamba kila kaya ya Machakos ilineemeka. Sivyo, wenye mashamba madogo na wasio na mshahara wa mjini hawakufika mbali hivyo.

Mpinzani atauliza: mvua ikikosa misimu mitano mfululizo, kama ilivyotokea katika sehemu nyingi kame za Kenya tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, je, hu- haijastahili? Hata hapo yapo ya kuuliza. Ilikosa vuli au masika? Ilikosa kabisa, au ilinyesha siku chache ikakatika? Shamba lilikuwa na matuta? Majibu huja kwa -li-, na ndiyo yanayomwezesha mtu wa Kalama kuamua, ifikapo Oktoba, kama atapanda mahindi, mtama au mbaazi.